Kitanda cha Nne

Saada mwanangu,

Mama yako amenifukuza ndani. Anasema nikikaa pale sebuleni nalifungua na kulifunga begi lako kama mkaguzi wa stesheni, na kweli nilikuwa nimelifungua mara tatu bila kutafuta kitu. Basi nimekuja huku karakanani, nimepangusa vumbi la mbao kwenye benchi, nimechomoa penseli sikioni. Daftari ni lile la vipimo, kwa hiyo usishangae ukikuta nyuma ya karatasi hii urefu wa mlango wa mtu. Adhana ya Alasiri imepita si muda mrefu. Treni yako ni kesho asubuhi.

Mambo ya chandarua, maji ya kuchemsha na baridi ya alfajiri mama yako ameshakwambia mpaka umeyakariri, na jana nilikusikia ukimmalizia sentensi. Mimi huko sina la kuongeza. Mimi nina jambo moja tu, nimelizunguka miezi miwili kama kuku anayetafuta pa kutagia, na kila nikitaka kulisema nainuka naenda kunoa patasi. Patasi zangu zote sasa ni wembe.

Jambo lenyewe ni hili. Unaondoka kesho na radhi yangu huna. Nilikunyima kwa mdomo wangu mwenyewe, mama yako akisikia, na sijairudisha.

Siku ile ulipoingia na barua ya kupangiwa kazi, ulikuwa unacheka. Nakumbuka ulikuwa bado hujavua viatu. Ukasema, "Baba, nimepangiwa Tura, zahanati."

"Tura?" nikasema. "Tura ya stesheni?"

"Hiyohiyo, baba."

"Na wale wa Dar es Salaam?"

"Nimewajibu kwamba siendi."

Wale wa Dar, hospitali yenye lifti na vioo, iliyokutaka tangu ulipokuwa kwao kwa mafunzo. Nilihisi kama mtu amenivutia mkeka niliosimama. Nikakuuliza sababu, ukanijibu taratibu, na adabu yako yote: "Baba, kule nilikuwa nalala na viatu miguuni. Nataka kazi ambayo jioni ikiisha, imeisha. Nataka nile nikiwa nimekaa."

Na mimi nikapaza sauti, mimi mtu mzima mwenye mvi: "Nimekusomesha ili uje ule umekaa?" Kisha nikasema lile jingine. "Nenda. Lakini radhi yangu usiniombe."

Kifuniko cha sufuria kilimponyoka mama yako jikoni. Wewe ukainama, ukavua viatu, ukavipanga pale mlangoni kama siku zote, ukaingia chumbani kwako. Hukuiomba. Tangu siku ile unaniamkia shikamoo kila asubuhi, naitikia marahaba, unaniletea dawa zangu na maji, na radhi hujaiomba. Mwanangu, hilo ndilo linalonikimbiza kwenye kiti. Ungelia, ungegomba, ningejua pa kushika.

Ungeweza kuuliza kwa nini nisije tu kukwambia, chumba chako ni hatua ishirini kutoka hapa. Ulimi wangu tangu nianguke unafika nyuma ya maneno, unajua. Na kabla haujafika hasira inakuwa imeshatangulia. Kwa penseli angalau naweza kufuta.

Nimeinuka, nimefunga dirisha, nimelifungua tena. Haya.

Kuna uchafu mwingine ambao huujui. Pale barazani kwa mzee Sefu, kwenye kahawa, wazee waliponiuliza binti kapata kazi wapi, nilisema Dar. Sikupanga. Lilitoka lenyewe, tamu. Mzee Sefu akasema, "Mashaallah, fundi hakosi," wenzake wakaitikia, na mimi nikaagiza kahawa ya wote. Halafu usiku wake nikawaza, nikaona hakuna tatizo. Treni ya kwenda Tura ndiyo treni ya kwenda Dar! Watakuja kukusindikiza, watakuona unapanda, watapunga mikono, nani atajua kwamba umeteremka mchana uleule? Miezi miwili nimeubeba uongo huo na nimeona nimefanya akili. Wallahi naona haya kuuandika.

Sasa nikwambie hili la "fundi hakosi", kwa sababu humo ndimo nilimopotelea.

Unajua nilivyokuwa nikitembea mjini. Kutoka hapa Isevya mpaka sokoni nilikuwa nahesabu nyumba: ile ina kitanda changu, ile ina kitanda na kabati, ile walioana kwenye kitanda changu na mtoto wao naye ameolewa kwenye kitanda changu. Mninga mtupu, wala si mbao za kubahatisha. Mtu akija na harusi ya Ijumaa, siku yenyewe ni Jumanne, mafundi wengine wote wamemwambia haiwezekani, mimi nasema, "Acha hapo." Riziki tulikuwa nayo ya kututosha, alhamdulillah, si hiyo iliyonisukuma. Nilichotaka ni kuonekana mtu asiyeshindwa. Nikilisikia neno lile, mgongo haukuniuma tena mpaka kesho yake.

Na nyumbani kwangu je? Mama yako nilimuoa kwao Nzega, nikamleta hapa kwenye kitanda cha ujana wangu, cha mbao laini, kimefungwa waya ubavuni. Nikamwambia, "Hadija, nipe miezi mitatu, nitakutengenezea cha mninga, mji mzima uje kutazama." Nikakitengeneza kweli. Siku ya kukipaka vanishi akaja mtu na pikapu, anaoa, ana haraka. Nikakitoa. Mama yako akacheka, akasema, "Haya bwana fundi, cha pili."

Cha pili kilikaa humu karakanani wiki nzima, nimekichonga maua kichwani. Wewe ulikuwa unatambaa, ulikuwa unashika miguu yake unasimama. Akaja bwana mmoja wa serikali amehamishiwa huku, kitanda chake kimevunjika njiani. Nikakitoa. Safari hii mama yako alisema "haya" tu.

Cha tatu ulikuwa sekondari, unakikumbuka. Mkulima mmoja wa huko Kipalapala alikuwa anamwoza mwanawe, akakiona, akasema hataki kingine. Ulikuwepo. Ulisimama mlangoni ukaniangalia nikimsaidia kukipandisha kwenye mkokoteni, ukasema, "Baba, si cha mama hicho?" Nikakujibu, "Mama atapata kingine, mteja hangoji." Mama yako alikwenda akakaza ule waya kwa koleo langu mwenyewe.

Watu walikuwa wananitania barazani: fundi wa vitanda, kwake kitanda kinalia kama punda. Nami nilikuwa nacheka nao. Nilidhani ni sifa.

Lakini si kitanda kinachonichoma zaidi. Leo nilikuwa natafuta kitambaa kwenye lile boksi la matambara, nikashika kimoja kina vanishi hata kimekuwa kigumu, nikakikunjua. Pembeni chini ya vanishi kuna njano, na viua vidogo vyeupe. Nikakaa chini. Unaijua hiyo nguo?

Ulikuwa na miaka saba. Ilikuwa asubuhi ya Idi, nimetoka kuswali, nimekuahidi kukupeleka uwanjani kwenye bembea. Mama yako alikuwa amekushonea gauni la njano. Nikakwambia, "Nakuja sasa hivi, namalizia miguu miwili ya kitanda cha mtu." Ukaja ukakaa hapa, juu ya mbao, miguu inaning'inia. Hukunisumbua, hukuniambia twende. Mara mojamoja ulikuwa unapiga vumbi kwenye gauni. Akaja mteja mwingine, akaja na mwingine, Idi ni siku ya watu kutembeleana, na mimi mlango wangu ulikuwa wazi. Nilipoinua kichwa jua limezama, bembea zimeshafungwa, na wewe umelalia ubao niliokuwa nimeupaka. Vanishi imekushika mgongo mzima.

Haikutoka. Mama yako alilifua gauni kwa mafuta ya taa mpaka likachanika, ndipo akalikata matambara akayatupia humu. Na mimi nimevipaka vanishi vitanda vya watu kwa gauni lako la Idi, miaka yote hii, sikuwahi kuuliza tambara limetoka wapi. Nisamehe, Saada. Siku ile sikukuomba, nilikwambia tu nitakununulia jingine.

Nimetoka nje kidogo, nimenawa uso bombani. Mama yako amenichungulia dirishani akauliza, "Unaandika au unachimba kisima?" Nikamwambia naandika.

Na shule. Ulikuwa ukifika mlangoni na ripoti mkononi, kabla hujanywa maji nakuuliza: "Wa ngapi?" Mwaka ule ulipokuwa wa pili, nikakuuliza wa kwanza ni nani na anaishi wapi. Kana kwamba nataka kwenda kumkamata! Ulinitajia jina lake, ukaongeza, "Ni rafiki yangu, baba, ananifundisha kuogelea." Hilo la kuogelea sikulisikia. Nimelisikia juzi, miaka kumi baadaye, nikiwa nimelala nimeangalia dari. Mtoto wangu aliogelea wapi, Tabora hii kavu? Bwawani Igombe? Nani aliwapeleka? Sijui. Nimebaki kujua namba zako zote na sijui kama unaogelea.

Siku niliyoanguka ndiyo ungedhani ilinifunza. Ulikuwa likizo, umeniletea chai, mimi niko kwenye randa tangu alfajiri, presha yangu naijua na dawa nimeziacha kwenye kabati kwa sababu zinanipeleka msalani na kazi inasimama. Randa ikateleza mkononi. Ukaniangalia usoni, ukaweka chini kikombe, ukasema, "Baba, cheka."

Nikaona mtoto huyu kakosa adabu. "Nicheke nini?"

"Cheka tu, baba. Nakuomba."

Mdomo ukagoma upande mmoja. Ukasema niinue mikono miwili, ukainuka mmoja. Hapo niliona uso wako, na sijasahau. Hukupiga kelele. Ulimwita jirani mwenye bajaji kwa sauti ileile unayomwitia muuza maandazi, ukanishika kichwa njia nzima. Kama nina uhai, baada ya Mungu ni wewe. Halafu mtu huyohuyo aliyeshikwa kichwa akaja kukwambia umesomea kula.

Na unakumbuka neno la kwanza nililolisema likaeleweka, kule hospitali? Mama yako ameshika miguu yangu, wewe umesimama na chati. Wote mmeinama kusikiliza. Nikasema, "Vanishi imekauka?"

Mlicheka nyote wawili, mkacheka mpaka mkalia. Mimi sikuwa natania.

Nililala wiki tatu. Nilidhani Tabora itasimama. Niliwaona vijana wakioana chini kwenye mikeka, kwa sababu fundi Maulidi kalala. Ebo! Hata Ijumaa moja haikupita bila harusi. Walimwendea yule fundi kijana wa mtaa wa Ng'ambo, akawatengenezea, harusi zikapigwa ngoma kama kawaida, tena nilikuwa nazisikia kutoka kitandani, na kitanda chenyewe kilikuwa kile cha waya. Waliokuja kuniona walikuwa majirani na wewe na mama yako. Wenye vitanda, nyumba nilizokuwa nazihesabu, walituma salamu. Sikuwalaumu, nilikuwa nimewauzia kitanda, si zaidi. Lakini iliniuma, siwezi kukuficha.

Sasa nikupe na hadithi ya ukoo, maana umeisikia nusu.

Umekua ukisikia kwamba babu wa babu yangu alikuwa mpagazi wa misafara, zama za kwenda pwani kwa miguu, na kwamba alibeba peke yake pembe ya ndovu ya watu wawili mpaka Tura. Tumeisimulia kila harusi na kila msiba. Sisi watu wa mzigo mkubwa! Baba yangu alikuwa akinisimulia huku ananipiga begani. Siku mama yako alipoisikia mara ya kwanza, bi harusi bado ana hina mbichi, aliuliza, "Pembe yenyewe ilikuwa yake?" Baba akasema hapana, ya tajiri. Mama yako akasema, "Kwa hiyo alijivunja shingo kwa mali ya mtu mwingine." Hakuambiwa kitu siku ile, alikuwa mgeni.

Je, umewahi kujiuliza kwa nini hadithi yetu inaishia Tura, na pwani ni mbali huko? Mimi sikuwahi. Mpaka nilipokuwa mgonjwa, shangazi yangu alipokuja kuniona, nikamuuliza, akanishangaa: "Hamkuambiwa? Aliangukia pale. Wenzake walikuwa wanamwambia tupokezane, anakataa, anataka kuingia pwani ameibeba peke yake aimbwe. Tura shingo ikagoma, homa ikampanda. Msafara ukampa pembe mtu mwingine ukaondoka, hawakungoja hata jua lichomoze."

"Halafu?"

"Halafu watu wa pale wakamuuguza. Akakaa msimu mzima, akawalimia mtama wao, akanenepa. Akarudi nyumbani kichwani hana mzigo."

Akanenepa, Saada! Hilo ndilo ukoo mzima tumelificha, kwamba mzee wetu alikwenda Tura akanenepa. Nikacheka kitandani pale mpaka mbavu zikauma, kisha nikaona haya, kisha ukaja wewe na barua yako ya Tura, na mimi niliyekuwa nimecheka nikasahau yote nikapiga kelele. Ndivyo nilivyo. Sijapona, usidhani unaandikiwa na mtu aliyepona. Wiki iliyopita nimemdanganya mama yako naenda dukani nikaja huku kupiga randa.

Kwa hiyo sikwambii ukaishi vipi. Nina wasiwasi mmoja tu, nao nausema kwa sababu nakujua. Una mikono yangu na una ubishi wangu. Usije ukafikiri ukishuka Tura umeniacha Tabora, nimo humohumo ndani ya begi. Siku moja atakuja mtu pale zahanati usiku, utamtibu, na hiyo ni haki yake. Kesho yake atakuja mwingine ambaye angeweza kungoja asubuhi, naye utamfungulia, kwa sababu atakuwa amesema tabibu huyu hakatai. Utalisikia hilo neno, litakuwa tamu. Utaacha chakula kwenye sahani. Mtu anaweza kujimaliza hata kwenye stesheni ndogo, si lazima Dar. Siku utakapolisikia neno hilo, tazama kwanza kama umekula.

Subiri, kuna mtu anabisha.

Nimerudi. Nakueleza yote, hata yale ya aibu.

Alikuwa mtu wa Igunga, mfugaji, mstaarabu sana, anamwoza binti yake wiki ijayo. Kijana wa Ng'ambo amemwambia hawahi. Akaingia, akakiona.

Unajua ninachosema, kiko hapa mlangoni, juzi ndiyo kimekauka. Cha nne. Miezi sita nimekitengeneza, mkono wa kulia unafanya kazi na wa kushoto unashikilia tu kama mtoto anayesaidia. Maua sikuchonga, vidole havitaki. Lakini mbao nimeziacha zikauke kwa muda wake, mara ya kwanza maishani mwangu, na viungo vyake ukivigusa hutajua pa kuanzia wala pa kuishia. Yule bwana akapitisha kiganja kichwani mwa kitanda, akasema, "Nilisikia kwamba umeacha kazi. Kumbe fundi bado hakosi."

Saada, damu ilinichemka kama ya kijana. Mdomo wangu mzito huu ukafunguka bila taabu: "Njoo kesho asubuhi na gari." Akanishika mkono kwa mikono miwili, akaondoka.

Nikarudi kukaa nikuandikie. Nikashika penseli. Kesho asubuhi. Kesho asubuhi wewe unapanda treni, na mimi nitakuwa hapa nafunga kamba kitanda cha nne kwenye gari la mtu, na mama yako anakwenda peke yake stesheni, anarudi peke yake, analala kwenye waya. Na karatasi hii iliyojaa toba iko mfukoni mwako. Nikajiambia, Maulidi, wewe ni mtu wa namna gani?

Nikatoka mbio. Mbio zangu unazijua, mguu mmoja unakwenda na mwingine unaburutwa, kandambili moja imebaki mtaroni kwa mama Asha. Watoto wakanishangilia. Nikamkuta barazani kwa mzee Sefu, anakunywa kahawa, na wazee wote wapo.

Nikasema, "Bwana, nisamehe. Kile kitanda kina mwenyewe."

Akasema, "Lakini umenipa neno."

"Nilikupa neno nisilokuwa nalo. Ni cha mke wangu. Ni cha mke wangu tangu binti yangu hajazaliwa."

Nikasema moyoni, nisipolitoa na lile jingine sasa hivi, sitalitoa tena. "Na binti yangu haendi Dar," nikasema. "Anakwenda Tura, zahanati. Dar wamemtaka, amekataa mwenyewe. Niliwaongopea."

Mzee Sefu akashusha kikombe. "Tura? Tura yetu hii?"

"Hiyohiyo."

"Mke wangu wa kwanza kwao Tura," akasema. "Mwambie binti asikubali kupewa nyumba ya karibu na reli, hatalala." Halafu akamgeukia yule mtu wa Igunga akaanza kumweleza kwamba kijana wa Ng'ambo ana mdogo wake naye ni fundi mzuri, ajaribu kwa huyo. Wengine wakarudi kwenye habari za mvua. Basi. Imekwisha hivyo. Miezi miwili nimekosa usingizi kwa aibu ambayo imemalizika kabla kahawa ya mzee Sefu haijapoa. Nikarudi nyumbani na kandambili moja, nikawa natabasamu peke yangu, na nadhani pande zote mbili za mdomo zilipanda.

Barua hii nilikusudia uisome ndani ya treni, ukiwa umeshapita stesheni ya Goweko, nisiuone uso wako wala usiuone wangu. Nimebadili. Nataka uisome sasa hivi, mwanga ungalipo. Namwita mama yako akuletee.

Saada binti Maulidi, radhi yangu unayo. Duniani na akhera unayo, ya Tura unayo, na ya kula umekaa unayo. Nilikunyima kwa kuwa ulikataa kuwa mimi, na mimi mwenyewe kuwa mimi kulikuwa kunaniua. Nami nakuomba radhi yako, kwa Idi ile na kwa siku ile ya barua, na usinipe leo kama haijawa tayari. Nikikupigia simu Tura sitakuuliza umetibu wangapi. Nitakuuliza umekula nini, na nani alikuchekesha, na jibu nitalingoja mpaka mwisho. Na siku moja utanieleza habari za kuogelea.

Sasa nina ombi, nalo sijawahi kumwomba mtu yeyote humu ndani. Kitanda kiko mlangoni, kizito, na mkono wangu wa kushoto hauwezi kukinyanyua. Siwezi peke yangu. Njoo ushike upande wa kichwani, mimi nitashika wa miguuni, tukiingize chumbani kwa mama yako kabla ya Magharibi. Kile cha waya tutakitoa kesho tukitoka stesheni, mimi na yeye, taratibu.

Usikimbie, vaa viatu vyako. Mimi nipo hapahapa karakanani. Nimekaa.

Baba yako,
Maulidi